Fono iko Walikale, Disiki iko Masisi

Masisi, tarehe 8 mwezi wa tano 1949

Kwako Libérata bibi yangu,

Kama Théogène wa kamyo alikupatia kasha, fungua polepole, usikate kamba na kisu. Fono, masini yetu ya kupiga disiki, iko chini. Disiki iko mu majani makavu ya maharagi, kila moja na karatasi yake, na juu niliweka kitenge yako ya manjano ili zisigongane mu njia.

Ni wiki tano sasa tangu munganga aliona ile alama mu mugongo yako na kamyo ya Leta, ya serikali, ikakubeba kwenda kambi ya wakoma. Mama aliniona nafunga kasha akasema: «Wewe Straton, unatuma masini mu pori? Haitarudi tena humu nyumbani, unajua?» Nikamujibu: «Mama, ile fono inafuata mwenye anajua kuisikiliza.» Akaenda inje, akatema mate.

Mimi niko muzima. Kazi ya maziwa ni ile ile. Jumatano nilishuka Sake kupeleka fromaji, jibini ya bwana wa shamba, na unajua miguu yangu inaenda wapi bila kuniuliza. Mugiriki wa duka alikuwa anafungua kasha ya disiki zimetoka Léopoldville. Harufu yake, Libérata! Kama lami, kama vanishi ya kiti mupya. Nikaomba anipigie moja yenye karatasi nyekundu katikati. Upande wa kwanza ni rumba tu, ile ya kila siku. Akaigeuza. Upande wa pili kuna gitari mbili zinasemezana: moja inauliza, ingine inachelewa kujibu, na ukidhani imekataa, njo inajibu. Nikasimama pale kofia mu mukono, watu wananipita na chumvi yao na sabuni yao.

Nikainunua. Sikuitia mu kasha. Nitaiweka mpaka utarudi tuisikie wote wawili, upande wa pili kwanza.

Mutoto wetu Emérita anakuuliza. Nilimwambia uko kwa munganga.

Bwana yako,
Straton


Walikale, tarehe 2 mwezi wa saba 1949

Straton,

Disiki saba ilifika nzima. Moja ilipasuka: ile ya mama mwenye anasifu ngombe yake, ile yangu. Nililia kuliko siku ile nilifika hapa, mpaka majirani wakakuja kunipa pole, wakidhani nilipata habari ya kifo. Nikaona haya kuwaambia ni disiki.

Hapa hakuna kilima. Ni miti, na mvua, na miti tena. Macho haina mahali pa kwenda. Tuko wagonjwa zaidi ya mia, kila muntu na nyumba yake kidogo ya majani na shamba ya muhogo. Masera, wale watawa wa misioni, wanatufunga vidonda asubuhi. Jirani yangu ni Léopold, muwindaji wa hapa hapa Walikale. Vidole ya miguu yake ilikwisha, lakini mikono yake iko nguvu, na yeye njo anazungusha manivela, mukono wa kukaza fono.

Siku ya Mungu, misa ikikwisha, tunaweka fono juu ya mutungi wenye tuligeuza. Kila muntu ana disiki yake. Mzee moja kipofu anataka tu ile wimbo ya polka. Ikikwisha, anasema: «Mumeikata.» Tunairudilia. Sindano ya chuma ilikwisha mwezi uliopita. Léopold akachonga mwiba wa nungu, akauchoma kidogo mu moto, akauweka. Sauti inatoka laini, kama muntu anaimba na mukono mbele ya kinywa. Mimi sasa napenda mwiba kuliko chuma.

Usinunue mingi. Lakini ukinunua, uniandikie namna gani inalia, kama vile uliandika ile ya gitari mbili. Niliwasomea watu ile kipande ya barua, wakanyamaza kama tunaipiga.

Umufunge Emérita kitambaa mu masikio wakati wa baridi. Anashikwa haraka.

Libérata


Masisi, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 1950

Libérata,

Usikasirike kwa sababu nilikawia. Ngombe ilizaa mingi, na bwana wa shamba alitaka fromaji kila wiki.

Disiki iko kumi na nne. Nilizitengenezea sanduku ya mbao ya libuyu. Sizilazi moja juu ya ingine, maana inapinda. Nazisimamisha kama vitabu vya Padiri. Siku ya Mungu nazitoa moja moja, napangusa na flanela, nasoma majina, nazirudisha. Kuna ya bluu yenye picha ya ngoma. Kuna moja ya kijani, ni wanaume watatu wanaimba na mwenye sauti ya juu anasikika kama anataka kucheka, anajizuia. Nilimwomba Mugiriki aipige mara mbili. Bila fono nyumbani, njia yangu ni ile tu: nasikia dukani, naishika mu kichwa, na mu njia ya kurudi naimba mpaka juu ya kilima isipotee. Nafika nyumbani ingine imebaki nusu.

Emérita anazijua kwa rangi. Aliniuliza: «Papa, hii sahani tutakulia siku gani?»

Mama anasema maneno. Anasema nyumba ya mwanaume peke yake inaingia majani, na kwamba mimi ni mutoto wake moja na sina mutoto mwanaume. Alikuja na shangazi wawili. Nikaenda kukamua ngombe.

Kitu moja: barua yako ya mwisho, ile haikuwa mukono yako. Nani anakuandikia?

Straton


Walikale, tarehe 6 mwezi wa tatu 1951

Straton,

Nilikudanganya, naomba unisamehe. Mu ile barua nilisema kalamu ni mubaya. Si kalamu. Vidole viwili vya mukono ya kuume vilijikunja, havinyooki tena. Joséphine-Marie njo ananiandikia, ni mugonjwa mwenzangu, alisoma kwa Masera, na yeye anafunga kinywa. Disiki siwezi kuishika peke yangu tena. Naogopa kuangusha. Léopold anaiweka, mimi nakaa karibu na kusema: «Bado. Sasa.»

Sikutaka ujue. Nilijiambia, akijua ataniona mu kichwa yake namna ingine.

Lakini sikia habari nzuri. Dawa mupya ilifika, vidonge vya kumeza kila juma. Sera anasema mahali pengine watu walipona, wakarudi kwao. Si vidole; vidole ikikunjika imekunjika. Lakini ugonjwa wenyewe unakufa. Ni miaka mbili, pengine tatu.

Niliwaeleza watu ile ya kijani, ya mwenye anataka kucheka. Mzee kipofu alisema ataishi mpaka aisikie.

Ningoje tu, Straton.

Libérata


Masisi, tarehe 21 mwezi wa kumi 1951

Libérata,

Nilipata barua zako tatu. Usitume tena kwa njia ya misioni. Katekista anapoteza barua. Mupe Théogène mu mukono, yeye peke yake, aniletee ku kazi.

Emérita iko muzima, alianza masomo. Disiki iko kumi na tisa.

Kazi ni mingi.

Straton


Walikale, tarehe 14 mwezi wa pili 1954

Straton, Straton,

Nimepona!

Jana munganga mukubwa alifika na masini yake ya kuangalia, akatuita moja moja. Alikata ngozi kidogo ya sikio, akaangalia, akamwambia Sera kwa kifaransa. Sera akanishika mabega, yeye mwenye hatushiki bila sababu, akasema: «Libérata, wewe si mugonjwa tena.» Wakanipa karatasi yenye muhuri. Niliiweka mu Biblia, nikaitoa, nikaiweka, nikaitoa.

Najua siandikiwi tena kama zamani. Miaka hii miwili ulinipa barua nne, na zote fupi. Nilijiambia: amechoka kuandika kwa muntu haonekani. Sikulaumu. Nakuja, hautahitaji kuandika.

Nitapanda mu kamyo ya Théogène Pasaka ikikwisha. Nataka kufika Jumamosi, ili siku ya Mungu twende misa wote watatu. Fono nitaibeba mu magoti yangu mwenyewe. Léopold alichonga miiba kumi ya nungu, akaifunga mu jani. Alisema: «Huko kwenu juu hakuna nungu wa maana.» Kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba yake.

Emérita ana miaka tisa. Umwambie mikono yangu iko namna gani, asishituke.

Bibi yako,
Libérata


Masisi, tarehe 20 mwezi wa tatu 1954

Kwa Mama Libérata,

Hunijui. Jina yangu ni Mukasine. Mimi ni bibi ya Straton. Tulifunga ndoa mu kanisa mwezi wa nane 1951.

Théogène alipita hapa Straton akiwa Sake, akaniachia barua, akisema ni ya bwana. Nilidhani ni ya kazi. Masera walinifundisha kusoma. Nilisoma mara tatu, kisha nikaketi chini mu jikoni, na maziwa ikamwagika mu moto.

Mama, sisi tulijua ulikufa. Straton alileta karatasi kwa Padiri mwezi wa nne wa ule mwaka. Karatasi ilisema: Libérata, bibi ya Straton, alikufa mu kambi, alizikwa kule. Iliandikwa jina ya anfirmie, muuguzi wa kule. Padiri alikusomea misa. Mama mukwe Nyiraneza alinyolewa kichwa. Emérita alivaa kitambaa cheusi wiki nzima, na hakutaka kukivua. Kila mwaka ile siku tunakuombea. Mimi mwenyewe nilikuombea. Nilikuwa nasema: Mama Libérata, unisaidie kumulea mutoto yako vizuri.

Niko na watoto wawili, mwanaume na mwanamuke.

Kuna kitu nilipaswa kuelewa mbele. Ile sanduku ya disiki, Straton anakataza muntu kuigusa. Nilimuuliza: «Baba Emérita, muntu ananunua disiki miaka yote bila fono, ni ya nini?» Akasema: «Ni ya marehemu.» Nikaona ni mapendo. Nikamuonea huruma. Ile siku nilisoma barua yako njo nilifungua. Disiki ishirini na sita, na chini barua zako zote.

Sijui nikuombe nini. Siwezi kukuambia usikuje, ni kwako. Siwezi kukuambia kuja.

Mukasine


Masisi, tarehe 2 mwezi wa nne 1954

Libérata,

Mukasine alinipa barua yako mbele ya mama. Sasa unajua.

Nitasema namna ilikuwa. Ile barua ya vidole ilifika. Niliisoma kule kwenye ngombe. Nilikuona namna ulisema nitakuona. Ulisema miaka mbili, pengine tatu, sikuamini dawa. Hakuna muntu nilijua alirudi kutoka kule. Mama alikuwa anakuja kila siku, na Padiri alisema mwanaume mwenye bibi muzima hawezi kuoa, hata kama bibi iko kwa wakoma. Nikaandika ile karatasi mwenyewe, mu ofisi ya maziwa, na wino ya bwana. Ilikuwa mistari ine. Nilidhani ukifa kweli, Mungu atanisamehe kwa sababu nilitangulia kidogo tu.

Disiki sikuacha kukununulia. Hata wiki ya arusi nilinunua. Mukasine hakusikia hata moja, naapa. Zote ni zako.

Nakuomba, usikuje. Wakijua, ndoa itavunjwa, wale wadogo watakuwa watoto wa inje, na mimi nitafungwa kwa sababu ya karatasi. Emérita anamuita Mukasine mama. Théogène atakuletea sanduku yote, disiki ishirini na sita, na fono iko kwako, utaishi na furaha yako pale wanakupenda. Nitakuongezea kila mwezi ingine.

Hurumia watoto.

Straton


Walikale, tarehe 9 mwezi wa tano 1954

Straton,

Barua yako na mimi tulipishana mu njia. Niliikuta hapa nilipokwisha kurudi. Basi ujue: nilifika Masisi. Ulikuwa kilomita moja na mimi, hukuniona.

Nilijua sasa, kwa barua ya Mukasine. Nilikuja kuangalia tu, nipite. Nililala kwa dada ya Théogène, fono niliiacha kwake. Jumapili niliingia misa kitambaa mpaka macho, nikakaa nyuma na wazee. Padiri akasoma majina ya marehemu ya wiki. Akasoma mwanaume wa Burungu, akasoma mutoto, kisha akasoma: «Libérata, bibi ya Straton, mwaka wa tatu.» Watu wakajibu amina. Na mimi nilijibu, Straton, kinywa yangu ilijibu yenyewe. Kisha nikahesabu. Barua ya vidole ilikufika mwezi wa tatu. Mwezi wa nne nilikuwa marehemu.

Tulipotoka, Emérita alikuwa amesimama karibu na ukuta na wenzake. Nilimujua kwa masikio. Nikamwambia: «Mutoto, ulimuombea nani leo?» Akasema: «Mama yangu. Alikufa Walikale.» Nikasema: «Unamukumbuka?» Akaangalia mikono yangu, akarudi nyuma hatua moja, akasema kwa heshima: «Hapana, mama.»

Nilitaka kupita. Ningepita kweli. Lakini muntu anaweza kuwa mugonjwa, anaweza kuachwa, anaweza hata kufa. Hawezi kusimama pale na kuombewa na mutoto wake.

Nikaenda kwa Padiri. Ku mulango kuna benchi, na juu ya benchi kulikuwa mwanamuke na mutoto mu mugongo. Hatukuonana hata siku moja. Akasimama.

«Ni wewe,» akasema.

«Ni mimi.»

«Nilikuja kusema mimi mwenyewe. Niko hapa tangu misa ya kwanza, naogopa kupiga hodi.»

«Ukisema, utapoteza nyumba.»

«Ni nyumba ya nani?» akasema. «Ingia, Mama. Jina ni yako, useme wewe.»

Tuliingia wote wawili. Nilitoa karatasi yenye muhuri. Padiri alifungua kitabu cha wafu, akaweka kidole juu ya jina yangu.

Disiki usinitumie. Unapenda kitu chenye unaweza kuweka mu sanduku na kufunga. Mimi nilikuwa sanduku ya kwanza.

Libérata


Burungu, tarehe 15 mwezi wa nane 1954

Mama Libérata,

Niko kwa baba yangu tangu mwezi wa sita. Padiri alisema ndoa yetu haikuwa ndoa. Nilibeba wadogo wawili na sufuria yangu. Watu hapa wanasema maneno, lakini shamba ya viazi haisikii maneno.

Straton hakufungwa. Bwana wa shamba alimuombea ku ofisi, kwa sababu hakuna mwingine anajua fromaji. Lakini kanisani anakaa nyuma, hapati komunyo, na watu hawamusalimu ku soko. Mama Nyiraneza anaishi naye na Emérita. Yeye tu njo anasema ulifanya vibaya kupona.

Sikulaumu. Pengine kuna asubuhi nakulaumu, lakini inapita.

Kuna kitu kinanisumbua, nacho ni kidogo, sijui mbona. Miaka mitatu nililala karibu na ile sanduku, kichwa yangu hapa na disiki pale, na sijui hata wimbo moja wa ndani.

Nikuambie juu ya Emérita. Mara mbili alikuja Burungu kwa miguu, peke yake, siku nzima mu njia. Analia usiku kwa sababu wadogo wake hawako. Alinisemesha: «Ule mama wa Walikale njo alikufukuza.» Nilimukatalia, nikamwambia yote, namna ilivyokuwa, karatasi na yote. Usimuvute, Mama. Nilimwambia akuandikie. Akitaka.

Mukasine


Masisi, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1954

Kwako wewe uko Walikale,

Mama Mukasine aliniambia nikuandikie. Nilisema sitaki. Sasa naandika.

Mimi niko darasa ya ine. Najua kifaransa kidogo na hesabu. Bibi, mama ya Papa, ni mugonjwa ya miguu. Papa haongei sana. Siku ya Mungu sisi tukitoka kwenda misa, yeye anabaki, anatoa disiki zake anapangusa. Tukirudi bado anapangusa. Nilimwambia azipeleke kwako, akasema hukuzitaka. Nilimwambia basi aziuze, akaendelea kupangusa.

Papa alisema zamani nilikuwa nalala ku magoti yako wakati fono inalia. Mimi sikumbuki. Nilijaribu sana. Nakumbuka kitambaa cheusi na kwamba nilikuwa nakuombea, na sasa sijui zile sala zote zilienda wapi.

Siku ile ku ukuta ya kanisa niliogopa mikono yako. Sikujua ni wewe. Hata ningejua pengine ningeogopa. Naomba radhi.

Kwa Noeli siwezi kukuja, naenda Burungu kwa wadogo. Théogène alisema mwezi wa saba anaweza kunibeba, siku tatu tu, na Mama Mukasine alikubali. Sijui kama nitakubali mimi. Lakini kama nitakubali, kuna kitu moja unijibu mbele nisipande kamyo. Nikifika pale, nitakuita namna gani? Kwa sababu «Mama», tayari niko naye mumoja.

Emérita